PDF ya skani na PDF yenye maandishi usiziandae kwa njia moja

Mkuu, umeuliza kwa nini mihtasari ya ushirika wenu imevurugika ulipoigeuza kuwa .txt: safu mbili zimeingiliana, na kurasa nyingine zimetoka tupu. Nayajua hayo. Mdogo wangu haoni, anasoma kwa programu inayomsomea skrini kwa sauti, na mimi ndiye ninayemwandalia vitabu vya chuo.

Kabla ya yote, fungua faili ujaribu kuchagua neno moja na kulinakili. Likikubali, maandishi yamo. Likigoma, hiyo ni skani, yaani picha tupu, na ndiyo sababu ya kurasa zako kukosa maneno. Kuna aina ya tatu iliyonitesa sana: neno linachagulika, lakini ukilibandika kwingine zinatoka alama zisizosomeka. Fonti yake haina jedwali la kueleza umbo lipi ni herufi ipi. Amri ya pdffonts, inayoorodhesha fonti za PDF, itakuonyesha: chini ya safu ya "uni" ukiona "no", ishuku. Usihangaike kuitengeneza, ifanye kama skani.

Zenye maandishi natumia pdftotext, amri inayotoa maandishi ya PDF kuwa .txt. Nadhani umeiwekea chaguo la -layout. Hiyo hulinda sura ya ukurasa, kwa hiyo mstari wa safu ya kushoto hufuatwa na jirani yake wa kulia. Iondoe. Halafu vichwa vya kurasa na namba zake: kwenye karatasi jicho huviruka, sikio haliwezi. Mdogo wangu alikuwa anakatizwa katikati ya sentensi, kila ukurasa, kitabu kizima, naye hakuwahi kulalamika. Niliumia nilipokaa naye nikasikia. Siku hizi naipa pdftotext vipimo vya eneo la kusoma (-x, -y, -W, -H), vichwa vinabaki nje.

Skani ndiyo yenye kazi. Piga kwa nukta 300 kwa inchi, na kama kitabu kimepigwa kurasa mbili kwa pamoja, kata katikati. Kisha OCRmyPDF, programu inayotambua herufi zilizomo kwenye picha: --deskew inanyoosha ukurasa uliopinda, --sidecar inakupa .txt pembeni, na ile aina ya tatu iongezee --force-ocr. Usisahau -l swa, na data ya Kiswahili ya Tesseract (injini ya kusoma herufi inayotumiwa na OCRmyPDF) iwe imesakinishwa, la sivyo itasoma Kiswahili chako kwa macho ya Kiingereza.

Ukishapata .txt, tafuta neno "ofisi". Lisipopatikana na unaliona pale, "fi" imehifadhiwa kama alama moja iliyoungana. Badilisha zote, maana rafiki, safi na fika zimeathirika pia. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, kama "wana-" na "chama", yaunganishe, ila usifute vistari vyote kwa mkupuo: utageuza 2019-2021 kuwa namba moja ndefu.

Anza na muhtasari mmoja wenye safu mbili. Ukikwama, weka hapa picha ya ukurasa usio na majina ya wanachama, tuutazame.