Wasomaji Wanauliza: Waislamu wa Tabora na Ujiji Mbele ya Mkoloni

SWALI: Shuleni kwetu mwalimu mmoja anafundisha kwamba Waislamu wa bara walimpinga Mjerumani. Mwingine anasema wao ndio waliokuwa maliwali na makarani wake. Tumwamini nani? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabora

JIBU: Waamini wote wawili, ila kila mmoja mdai mji na mwaka. Mnamo Agosti 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora kwa makubaliano na wafanyabiashara Waarabu, bila vita. Walikuwa na mali njiani na ugomvi wa muda mrefu na watawala wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi unaozunguka Tabora, hivyo bendera ngeni iliwafaa. Upande wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan, yule tunayemwita Rumaliza, alipigana na Wabelgiji ng'ambo ya ziwa mpaka akashindwa mwanzoni mwa 1894. Dini moja, miaka ileile, maamuzi mawili.

Tahadhari na kosa linalojirudia kwenye insha: Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ngomeni mwake Januari 1893, si mfano wa upinzani wa Kiislamu. Alitawala kwa mila za Kinyamwezi, na alipigania nchi yake na ushuru wa misafara. Ukimwingiza kwenye jihadi utapoteza alama, na utakuwa umestahili kuzipoteza.

Kuhusu makarani, jambo ni jepesi. Mjerumani alihitaji watu wanaosoma na kuandika, na waliokuwapo walikuwa wametoka chuo cha Kurani. Kalamu hiyohiyo iliandika daftari la kodi mchana na kunakili maulidi usiku.

SWALI: Marehemu babu ameacha kasha la barua za herufi za Kiarabu. Mjukuu anayesoma Kiarabu chuo kikuu amezitazama akasema hazina maana. Je, tuzitupe? – Familia moja, Ujiji

JIBU: Msitupe hata kipande. Huenda hazina maana kwa Kiarabu kwa sababu ni Kiswahili. Desturi ilikuwa kufungua barua kwa salamu za Kiarabu, kisha baada ya "ama baadu" (yaani "baada ya hayo") mwandishi anahamia lugha ya nyumbani. Anzeni hapo.

Shida ya pili ni herufi zenyewe. Kiarabu hakina p, ch, g, v wala ng', kwa hiyo mwandishi aliazima zilizo jirani. Be ilibeba b, p na mb. Fe ilibeba f na v. Dali ikabeba d na nd. Shini mara nyingi sh na ch. Ghaini ikabeba gh, g na ng. Kwa alama za irabu, kasra ilisimama kwa i na e, dhumma kwa u na o. Matokeo yake ni kwamba "pembe" na "bibi" huweza kuandikwa sawasawa kabisa. Mkikuta "bibi kumi zimefika, uzito frasila nane", ngeli na mizani vinawaambia kwamba ni pembe za ndovu. Frasila moja ni karibu kilo 16. Someni kwa sauti, watu wawili, mmoja wao awe mzee anayejua Kiswahili cha zamani. Jicho peke yake hukwama.

Tarakimu ndizo huwaangusha wengi. Tano hufanana na sifuri yetu, na sifuri yenyewe ni nukta tu, kwa hiyo tone la wino au tundu la mdudu linaweza kusomwa kama sifuri. Sita hufanana na saba yetu. Saba ni kama V, na nane ni V iliyopinduliwa, basi picha iliyopigwa kichwa chini hugeuza moja kuwa nyingine.

Mwaka utakuwa wa Hijria. Msijumlishe 622 moja kwa moja, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11. Gawanyeni mwaka kwa 33, mtoe jibu kwenye mwaka huo, ndipo mjumlishe 622. Mfano: 1326 kwa 33 ni kama 40, 1326 toa 40 ni 1286, ongeza 622 mnapata 1908. Hesabu hii huweza kukosea mwaka mmoja kwa sababu Muharram, mwezi wa kwanza wa Hijria, haiangukii Januari.

Kama hakuna mwaka, tafuteni fedha. Rupia ya Mjerumani iligawanywa pesa 64 hadi mageuzi ya 1904 na 1905. Baada ya hapo ikawa heller 100. Shilingi na senti zilikuja na Mwingereza, miaka ya mwanzo ya 1920. Na mkikuta barua ya herufi za Kilatini yenye "Udschidschi", hiyo ni Ujiji kwa mkono wa mtu aliyefunzwa na Wajerumani.

Kuhusu utunzaji: pigeni picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, mkiweka rula pembeni. Karatasi iliyokunjwa miaka mia isilazimishwe kunyooka, hukatika kwenye mkunjo. Msiipeleke stationery kufanyiwa lamination, wala msibandike solotepu: gundi hugeuka njano na kula wino, na haitoki tena. Wekeni kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya nailoni inayofuga unyevu wa ziwani. Nakala wapelekeeni Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asilia zibaki nyumbani mpaka ukoo ukubaliane kwa maandishi.

SWALI: Nimesikia habari ya "Barua ya Makka" iliyowatisha Wajerumani. Ilitoka Makka kweli? – Msomaji, Kigoma Mjini

JIBU: Ilienea mwaka 1908, ikawashtua maofisa kuanzia Lindi. Ilijieleza kuwa ni ndoto ya Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume: Kiyama kimekaribia, watu watubu, waache maasi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa juzijuzi tu, hivyo serikali iliona uasi kila palipo na mkusanyiko. Uchunguzi wao ulimfikia Rumaliza, ambaye wakati huo alikuwa Zanzibar. Ukiisoma bila hofu ya ofisa wa wilaya, ni mawaidha kuliko amri ya vita. Nayo haijafa: Sheikh Ahmad huyohuyo bado anaota kwenye simu zetu, na bado anataka tuwatumie wengine.

SWALI: Kwa nini kwetu Ujiji wazee wengi wa zikri ni wenye asili ya Kimanyema? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Swali zuri kuliko lile la kwanza, la bendera ya Mjerumani. Wamanyema, watu wa mashariki ya Kongo, wengi wao walifika upande huu wa ziwa kama mateka au wapagazi. Mjerumani hakufuta utumwa. Aliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Ukafutwa kisheria na Mwingereza mwaka 1922. Katikati hapo palikuwa na watu wengi walioachwa huru, au waliojiacha huru kwa miguu yao, wasio na ukoo wa kuwasemea mjini.

Tariqa ya Qadiriyya, yaani njia ya kisufi inayofanya zikri (kulitaja jina la Mungu kwa pamoja), ikawapa mlango. Iliingia Zanzibar miaka ya 1880 kwa Sheikh Uways wa Barawa, ikafika Tabora kwa Sheikh Zahur bin Muhammad, na kutoka Ujiji ikavuka hadi Burundi. Anayeingia hutoa baia, yaani kiapo cha utii, mkononi mwa sheikh, hupewa uradi (dua za kila siku) wa kusoma, na akipanda daraja huandikiwa ijaza, yaani cheti cha ruhusa, yenye silsila, yaani mlolongo wa mashekhe hadi kwa Abdulkadir Jilani, ambaye tariqa ina jina lake. Tazama kilichofanyika: mtu asiye na nasaba anayoijua hupata nasaba ya maandishi. Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, alifikia kuwa khalifa mkubwa, yaani kiongozi wa tariqa, na mwaka 1916 akawa liwali, mtawala wa mji aliyewekwa na serikali. Hilo lisingewezekana kwa hesabu ya damu ya misikiti ya zamani. Wanaoiona zikri kuwa ni kuukimbia ulimwengu wa kisasa wanasahau kwamba Uislamu ulienea bara zaidi wakati wa mkoloni kuliko wakati wa misafara.

SWALI: Shule ya Tabora ilikuwa mlangoni petu. Mbona Waislamu tulibaki nyuma? – Mzazi, Tabora

JIBU: Shule hiyo ya serikali ilifunguliwa 1925, ikilenga kwanza wana wa machifu. Zilizobaki nyingi zilikuwa za misheni, na ruzuku ya Mwingereza ilifuata masharti: walimu wenye cheti, mtaala wa serikali, ukaguzi. Chuo cha Kurani chenye mwalimu mmoja, anayelipwa kwa nafaka na sadaka ya Alhamisi, hakikuwa na njia ya kufikia masharti hayo. Mzazi akabaki na mambo mawili: ampeleke mtoto misheni akihofia kubatizwa, au abaki naye. Kuwalaumu wazazi hao kwamba walichukia elimu ni uvivu wa kufikiri. Walikuwa wakilipia elimu siku zote, ila si ile iliyotoa ajira.

Waliojaribu njia ya tatu walikuwapo. Al-Jamiatul Islamiyya ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933 na kufungua shule yenye masomo yote mawili. Mombasa, Sheikh Al-Amin Mazrui aliandika magazeti akiwataka Waislamu wajifunze elimu mpya bila kuuza dini. Na hapahapa Tabora, Waahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawakubaliani na imani yake, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad walianza miaka ya 1930 kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, kazi iliyochapishwa 1953. Masunni waliipinga vikali, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, yenye maelezo ya kuijibu ile. Aliyesaidia ile ya kwanza ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji wa 1924, aliyesoma Shule ya Tabora, mshairi, baadaye meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria.