Jibu: Rangi ya taa kwa mwani wa Dunaliella

Ndugu, umeuliza kama taa nyekundu pekee zitatosha kukuza Dunaliella salina, mwani mdogo sana wa maji ya chumvi, kwenye chupa zako. Kwa ukuaji zinaweza kutosha, kwa kuwa klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga, hufyonza vizuri mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 660 pamoja na wa buluu wa karibu 440. Hata hivyo mwanga wa buluu ndio unaoamsha baadhi ya vipokezi vya seli, yaani sehemu zinazohisi mwanga, hivyo mimi huchanganya rangi hizo mbili. Ukiona maji ya kijani yanageuka rangi ya chungwa, usiilaumu rangi ya taa kwanza: huenda seli zinajilimbikizia beta-karotini, rangi ya chungwa kama ya karoti, kwa sababu mwanga ni mkali mno, chumvi imezidi au naitrojeni imekwisha. Pima ukali wa mwanga kwa kipimo, maana jicho letu, linaloona kijani vizuri kuliko nyekundu na buluu, hudanganya sana hapa.