Kichwa kinawasha tangu uhamie Mombasa? Anza na maji

Dadangu uliyehamia Bamburi, swali lako nimelisoma mara mbili maana nilijiona humo. Umesema una miezi mitatu tangu utoke Nakuru, kichwa kinawasha usiku na mchana, maganda yanakumwagikia mabegani, unaosha kila siku na bado. Waliotangulia wamekushauri ndimu, mwingine magadi soda, mwingine mafuta ya nazi kila usiku kabla ya kulala. Na wiki tatu zijazo una harusi ya wifi yako, unataka kusuka.

Hiyo ndimu iache kabisa. Nakwambia kwa sababu ninayo kovu lake, ingawa sasa limefifia. Nilikuwa na kichwa kama chako, nikaambiwa na khala yangu nichanganye ndimu na chumvi, nipake, kisha nikae kibarazani jua linipige ili "dawa ishike". Kisogoni nilikuwa nimejikuna hadi pana vidonda vidogo. Ilipogusa pale niliruka. Hilo lingepita, lakini siku mbili baadaye mstari mzima wa paji la uso, pale maji ya ndimu yalipochuruzikia, ukafanya malengelenge, kisha ukageuka mweusi kama niliyepakwa masizi. Uliniganda wiki nyingi. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huiunguza, sikujua. Magadi nayo ni makali mno kwa ngozi ya kichwa, ambayo kwa asili yake ina uchachu kidogo. Ukiisugua nayo unaondoa hata kile kimafuta chake kinachoilinda.

Sasa yangu yalianzaje. Mimi ni wa Majengo, nimekulia maji ya bomba (yalipokuwa yanakuja). Nilipoolewa nikahamia Likoni, nyumba ya kisima. Mwezi wa pili kichwa kikaanza. Mavyaa wangu akasema ni jicho, mamangu akasema ni ile shampuu ya bei rahisi, mimi nikasema ni joto. Nikabadilisha shampuu mara tatu. Nikapaka nazi kila usiku: siku mbili raha, siku ya tatu maganda yakawa makubwa zaidi, ya njano, yananata kwenye kitana.

Kilichonifungua macho ni wikendi moja nilipolala kwa mamangu. Niliosha nywele kule kwa maji ya bomba, shampuu ile ile niliyoilaumu, na usiku ule sikujikuna. Nilidhani ni usingizi wa kwetu tu. Niliporudi Likoni nikaosha tena, kesho yake kucha ziko kichwani.

Mombasa na pwani yake imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yanabeba chokaa, na karibu na bahari yanabeba chumvi pia. Sabuni ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu zuri, na inaacha utando mzito usiotoka kwa kusuuza. Utando huo hukauka juu ya ngozi, ngozi inakakamaa, inawasha, unaona maganda, unaosha tena kwa maji yale yale. Ukitaka ushahidi, chungulia ndani ya birika lenu la chai. Langu la Likoni lilikuwa na ukoko mweupe chini, nikiukwangua kwa kijiko unatoka vipande vipande kama ganda la yai. Fikiria huo utando juu ya utosi wako kila asubuhi. Wewe unasema unaosha kila siku, yaani unaupaka kila siku.

Nilichofanya si kikubwa. Kuosha naosha kwa kisima kama kawaida, lakini maji ya mwisho ya kusuuza ni mazuri: nusu ndoo ya maji ya mtungi, ya bomba, kutoka kwa mtu wa mkokoteni. Mtungi mmoja wa lita 20 unanitosha kuosha mara mbili, na kuosha ni mara moja kwa wiki, joto likizidi mara mbili. Masika yakiingia nakinga ya mvua. Mvua ya kwanza iache imwagike, isafishe bati. Kunguru wa mji huu mnawajua wanavyochafua mabati. Katika jagi la lita moja la yale maji ya kusuuzia, mara moja kwa wiki mbili, natia kijiko kimoja cha kulia cha siki nyeupe, inaondoa chokaa iliyobaki. Kama una vidonda usitie, utanikumbuka vibaya.

Na maji yasiwe ya moto. Nyinyi watu wa bara mnakuja na mazoea ya kuoga maji yanayofuka moshi. Huku hata mwezi wa saba huyahitaji.

Mafuta ya nazi sasa. Siyapingi, ninayapika mwenyewe. Nakuna nazi nne kwa mbuzi, nakamua tui zito kwa maji kidogo sana, nachuja kwa kifumbu, nalilaza usiku kucha. Asubuhi yale mazito yameelea juu, nayaengua nikayapika kwa moto mdogo. Yatachemka kwa kelele kama mchuzi, kisha yananyamaza, na hapo ndipo mafuta yanaanza kujitenga. Usiondoke. Mashapo yakishaanza kupiga rangi ya kahawia naepua pale pale, maana yakiungua chupa nzima itanuka moshi. Nachuja yakishapoa, natia kwenye chupa kavu. Tone moja la maji likibaki, yanachacha. Nakuru ulizoea kuyaona yameganda chupani, huku yanakaa maji maji karibu mwaka mzima. Hayajachakachuliwa.

Lakini yanafaa kichwa kikavu tu, na yanapakwa kabla ya kuosha, si ya kulalia. Kijiko cha chai kimoja au viwili, unachana nywele mafungu, unapaka kwenye ngozi kwa ncha za vidole (kucha weka mbali), saa moja, unaosha. Kuna mba wa aina nyingine ambao si ukavu. Unatokana na kuvu wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, Malassezia, ambao chakula chao ni mafuta. Ukikilalisha kichwa cha namna hiyo ndani ya mafuta unawaandalia karamu, na ndiyo yaliyonipata mimi nilipoona ya njano.

Kwa hiyo kabla hujapaka chochote, jikune kidogo kichwani mbele ya dirisha, uyatazame maganda. Maganda madogo, meupe, makavu, yanapeperuka kama unga wa muhogo, na hata mikono na miguu yako ni mikavu: huo ni ukavu, endelea na maji mazuri na nazi. Maganda mazito, ya njano, yenye mafuta, na labda wekundu kwenye nyusi au pembeni mwa pua: nenda duka la dawa uulize shampuu ya ketoconazole (dawa ya kuua kuvu) ya asilimia 2. Unaipaka, unaiacha dakika tano, unasuuza, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Mimi ndiyo iliyonisafisha, halafu maji ndiyo yaliyozuia mba usirudi. Najua hapa tunapenda dawa za jikoni, mimi wa kwanza, ila hii sikupata jikoni.

Vya kutuliza mwasho wakati unasubiri: mshubiri ni mzuri. Kata jani, lisimamishe ndani ya kikombe robo saa ule utomvu wa njano uchuruzike wote, maana huo wenyewe unawasha, kisha chukua ule ute mweupe wa ndani tu. Uwatu pia, vijiko viwili uloweke usiku, usage, upake nusu saa. Unalainisha kweli. Harufu yake lakini itakufuata mpaka kwenye mto, na ukitoka jasho inarudi, bwanangu alinihamia sebuleni. Mkilifi, ambao wengine mnauita mwarobaini, watu wanachemsha majani wakasuuzia. Sawa kwa mtu mzima, lakini mafuta ya mbegu zake yaweke mbali na watoto, wakiyanywa ni sumu. Chochote unachojaribu, kipake kwanza nyuma ya sikio, ulale nacho siku moja.

Jambo jingine dogo: usifunge mtandio wala kofia ya kulalia nywele zikiwa mbichi. Unyevu wa Mombasa pamoja na jasho pamoja na kitambaa kilichobana, kichwa kinachemka humo ndani. Kaa na feni mpaka mashina yakauke.

Kama ni mtoto, na ana viduara vilivyonyonyoka nywele, usipoteze muda na nazi. Hayo ni mapunye, yanataka vidonge kutoka hospitali kwa wiki kadhaa, na yanaambukiza kwa kitana. Mtu mzima pia, ukiona usaha, tezi shingoni, nywele zinatoka kwa mafungu, au mwezi umepita bila nafuu, nenda ukaonwe.

Kuhusu harusi. Usisuke wiki hii, utafunika kidonda na hutakifikia. Jipe wiki mbili za maji mazuri, na ukisuka iwe siku tatu nne kabla, mwambie msusi asivute na asipake jeli kwenye ngozi. Dawa ya kulainisha nywele usiiguse kabisa. Mimi saluni moja nilinyamaza sikusema kwamba nilijikuna asubuhi yake, nikatoka na kigaga cha ukubwa wa shilingi. Na ikifika siku yenyewe bado kinawasha, jifunge kilemba. Kwenye harusi ya wifi yangu mimi nilivaa cha zambarau, na watu mpaka leo wananiuliza kitambaa nilinunua wapi.