Nimelipia kitabu, mbona hawakiuzi?

Dada, nimekuelewa: umelipia nakala 300 za diwani yako pale Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa Kampala, zimejaa sebuleni, na unauliza mbona hawaziuzi. Wale ni wapiga chapa tu. Kazi yao inaishia kwenye gundi na kisu cha kukatia kingo. Mchapishaji ndiye anayehariri, kugharamia, kusambaza na kumlipa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake la mauzo. Kwa hiyo hapa mchapishaji ni wewe mwenyewe, pole na hongera! Kabla ya kupiga chapa tena, omba ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwenye Maktaba ya Taifa, Kampala, ikae kwenye jalada la nyuma. Na akitokea mtu na mkataba wa kuchukua haki zote, usitie saini kabla wakili hajausoma. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inakulinda hata kama hujasajili.