Usilipe hizo tairi kabla hujasoma namba nne za ubavuni

Usitoe hiyo laki tatu na ishirini ya tairi za mtumba. Kama umeshamtumia muuzaji kwa simu, mpigie sasa hivi airudishe, mengine tutaongea baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua Hilux ya mkononi, kabini moja, unataka kuanza kubeba mazao. Unauliza oili ibadilishwe baada ya kilomita ngapi, mkanda wa taimingi uangaliwe lini, kwa nini balbu ya taa ya nyuma inaungua kila baada ya wiki mbili, halafu pale mwishoni kabisa unagusia kwamba kuna jamaa amekuwekea tairi nne za mtumba "za Japani, kashata zimejaa" (kashata ni yale meno ya tairi yanayokanyaga lami) na kesho unaenda kufunga. Hapo ndipo niliposhtuka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2019, na yaliniachia mdogo wangu na mtulinga uliovunjika.

Wadau watatu waliokujibu kabla yangu wamekupongeza eti umepata bei nzuri. Sitafuti ugomvi na mtu, lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza tairi hizo zimetengenezwa mwaka gani.

Mimi nilikuwa nabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar. Hilux ya injini ya 3L, rimu za inchi 14. Tairi zangu za nyuma zilikuwa zimeanza kuwa kipara, trafiki alishaniandikia faini ya elfu thelathini, nikaona nisirudie. Rafiki yangu mmoja dereva akanipeleka kwa muuza tairi anayemwamini. Nikakuta tairi zimepangwa hadi darini, nyeusi tii, zinang'aa utadhani zimetoka kiwandani asubuhi ile. Jamaa akachukua moja, akazamisha kucha ya kidole gumba kwenye mfereji wa kashata, akaniambia, "Bosi, ona mwenyewe, kidole kinapotea. Hii imeshuka na gari, haijatembea hata mwaka." Na mimi nikazamisha kidole changu, kikapotea, nikatoa hela.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Yaliyotokea barabarani miezi miwili baadaye yalikuwa tu matokeo ya kidole kile.

Siku yenyewe tulichelewa kupakia. Matenga 22, tani moja na ushee. Kawaida nashuka mlima Kitonga usiku au alfajiri, siku ile nilishuka mchana. Wanaoijua njia hiyo wanafahamu: Ilula kuna baridi yake, ukimaliza kona za Kitonga ukaingia bonde la Ruaha Mbuyuni joto linakupokea kama umefungua mlango wa tanuri. Kabla ya kuondoka kijana wa upepo alinishauri nipunguze upepo tairi za nyuma, eti mzigo ukiwa mzito na lami ikiwa ya moto tairi iliyojaa itapasuka. Nikamkubalia. Huyo naye nina deni naye hadi leo, nitarudi kwake.

Saa nane mchana, tumeshaipita Mbuyuni, mibuyu pande zote, barabara imenyooka. Nilikuwa 70, msije mkaniambia nilikuwa nakimbiza. Kwanza nikasikia kama mtu anapiga turubai nyuma, pa-pa-pa-pa. Mdogo wangu akasema kamba imelegea. Nikainua mguu nisimame tuangalie, na kabla sijamaliza kuuinua ukaja mlio mmoja mzito na nyuma ya gari ikahamia kushoto. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Usifanye hivyo hata siku moja. Tairi ikipasuka shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, gari lijichokee lenyewe ndipo ulitoe barabarani. Mimi nilikanyaga, gari likageuka ubavu kuelekea mtaroni, matenga yakaruka, ubavu wa bodi ukakunjwa, taa yote ya nyuma kushoto ikabaki vipande. Mdogo wangu hakuwa amefunga mkanda. Alijipiga mlangoni.

Namshukuru Mungu hakukuwa na basi linakuja mbele. Wenye njia hiyo mnajua mabasi yanavyopita pale.

Wakati tunasubiri gari la kumpeleka hospitali nilikwenda nikachuchumaa kwenye lile gurudumu. Tairi haikuwa na tundu wala msumari. Kashata yote ilikuwa imebanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa, zimebaki nyaya za chuma zimesimama kama nywele. Na zile kashata zenyewe, zimelala lamini, bado ndefu, kidole kingepotea vilevile. Ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, nikaufuta kwa kitambaa na maji ya kunywa. Ile dawa nyeusi ya kung'arishia tairi ikatoka. Chini yake mpira ulikuwa na nyufa ndogondogo mzunguko mzima, kama udongo wa mbuga kiangazi. Na hapo katikati ya nyufa, ndani ya kiboksi chenye umbo la yai, namba nne: 3407.

Wiki ya 34, mwaka 2007. Tairi ya miaka 12 niliuziwa kama haijatembea mwaka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo ninalotaka ushike hata kama mengine yote utayasahau. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Zinafuatwa na msururu wa herufi na tarakimu, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu tu, hiyo imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiiguse. Na jambo ambalo muuzaji hatakuambia: mara nyingi namba hizo nne zipo upande mmoja tu. Upande mwingine utaona DOT na herufi chache, basi, hakuna mwaka. Kwa hiyo mtu akitaka kukuficha umri anaigeuzia ndani wakati wa kufunga, na yangu iligeuzwa hivyo. Isome tairi ikiwa bado haijapanda kwenye rimu, igeuze pande zote mbili, na tochi ya simu iwe mkononi. Akikukataza kuigeuza, umeshapata jibu.

Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo. Hewa na joto vinaukausha, unapoteza mnato, na pale ndani ambapo kashata imeshikana na mikanda ya chuma panaanza kuachana kimyakimya. Nje huoni kitu. Michelin, ambao biashara yao ni kuuza tairi, wanashauri tairi ikifika miaka mitano ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika miaka kumi tangu itengenezwe itolewe hata kama kashata bado ipo, pamoja na spea. Wapo watengenezaji wa magari wanaosema sita. Mimi kwa pikapu ya mzigo na joto letu nimejiwekea sita, na sibishani na mtu.

Halafu jiulize tena, kwa nini Mjapani atoe kwenye gari tairi yenye kashata imejaa? Mara nyingi ni umri. Au ni tairi ya theluji. Hizo zimejaa mno kwenye mitumba, zina kashata nene yenye mikato midogomidogo mingi, na ubavuni utaona STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika barafu. Huku kwetu kwenye lami ya moto na mzigo juu unayeyuka kama kifutio. Kidole kitapotea humo pia.

Ndiyo maana nina hasira na yule muuzaji hadi leo. Niliporudi kwake na picha aliniambia "tairi ni bahati". Bahati! Mtu aliyekaa akapaka dawa nyeusi juu ya nyufa kwa mkono wake ananiambia habari ya bahati. Kama kupaka rangi kungerudisha ujana babu zetu wote wangekuwa wanacheza mpira jioni. Hela hakurudisha. Na rafiki yangu aliyenipeleka alikuwa anapata chochote kwa kila mteja, nilikuja kulijua hilo baadaye.

Na kijana wa upepo. Ukweli ni kinyume cha alichosema. Tairi yenye upepo pungufu inakunjwa ubavuni kila inapozunguka, na mkunjo huo ndio unaozaa joto. Mzigo ukiongezeka upepo wa nyuma unaongezwa, siyo kupunguzwa. Kiwango chako cha upepo kipo kwenye kibao cha nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Ikishapata moto barabarani upepo unapanda wenyewe, ni kawaida, usiutoe. Nunua kipimo chako mwenyewe, vile vya vijiweni vingine vimechoka kuliko tairi.

Ukiwa bado umechuchumaa pale, soma na saizi. Zangu mbili za nyuma ziliandikwa 195/70R14 91. Nilidhani mradi ni 14 inaingia. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615. Ni tairi ya gari la familia. Ya pikapu kwa rimu hiyo ni 195R14C yenye 106/104, hapo moja inabeba kilo 950. Piga hesabu: mbili za nyuma za 91 ni kilo 1,230, nami nilikuwa nimepakia tani na ushee juu ya gari ambalo lenyewe lina uzito wake. Ile herufi C ndiyo ya mzigo. Lakini hata yenye C, kama ni ya 2009 iache.

Na spea! Niliposhusha spea iliyoning'inia chini ya bodi, tukaifunga kwa shida, tukatembea kilomita kama ishirini nayo ikatoa uvimbe ubavuni mkubwa kama ngumi. Ilikuwa ya 2006. Ilikuja na gari, haikuwahi kukanyaga lami, kashata mpya kabisa. Tukalala njiani. Nyanya zilizosalia zikaiva zote juu ya gari, nikaziuza kwa bei ya kutupa. Lala chini ya gari lako leo, shusha hiyo spea, futa vumbi, soma.

Nikijumlisha nyanya, kuvuta gari, kunyoosha bodi, rimu na matibabu ya mdogo wangu, ilizidi milioni mbili na nusu. Tairi mbili mpya za C siku ile zingenigharimu kama laki nne. Mdogo wangu akibeba ndoo hadi leo anabadilisha mkono.

Hiyo balbu yako. Kwenye taa ya nyuma ya Hilux balbu ya parking (taa ndogo) na breki ni moja yenye nyaya mbili ndani, wati 5 na wati 21, na vipini vyake haviko sawa, kimoja kipo juu kimoja chini. Watu huwa wanalazimisha ile yenye waya mmoja, au wanaigeuza kinyume, matokeo yake parking inawaka kama breki na kava linayeyuka. Kama umeweka sahihi na bado inaungua, angalia kama soketi ya taa imelegea inatikisika, na ule waya wa bodi (wa ethi, unaofungwa kwenye chuma cha gari) kwenye kona ya nyuma. Kwenye pikapu matope na maji vinakaa pale, unashika kutu nyeupe au ya kijani, na dalili yake ni kwamba ukikanyaga breki indiketa nayo inafifia au inawaka kwa pamoja. Fungua boliti, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga, paka grisi kidogo. Pima na chaji pia, alternata ikizidisha umeme balbu zote zitakufa, siyo hiyo tu. Balbu za taa kubwa za mbele, aina ya H4, usishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanaifanya iungue mapema, tumia kitambaa kisafi. Na usiweke za wati 100 kwa sababu tu unasafiri usiku, soketi itayeyuka.

Indiketa ikianza kupepesa haraka kuliko kawaida, balbu moja upande huo imekufa. Shuka uangalie.

Turudi kwenye tairi. Kama hela haitoshi nne mpya, nunua mbili mpya za C, zifunge nyuma kwenye mzigo, zile za mbele ulizonazo zisome namba na kama hazijapita miaka sita na hazina nyufa endelea nazo hadi upate. Beba nusu mzigo mwezi huu. Mteja wako atasubiri.

Kesho ukienda kwa huyo jamaa usimwambie umekuja kukagua. Mwombe tu azishushe zote nne chini, zigeuze, piga picha pande zote mbili, ziweke hapa. Nipo macho hadi saa sita usiku, nitakusomea moja moja.