Jibu: Kampilobakta wa koo nyingi tofauti, na bado wengi sugu kwa siprofloksasini. Inawezekanaje?

Ndugu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu na mimi niliwahi kukwama hapo hapo. Unasema umeotesha Kampilobakta, yule bakteria wa matumboni mwa kuku, kutoka kwenye nyama ya kuku, ukapima vinasaba, ukakuta vimegawanyika katika koo nyingi zisizo na undugu wa karibu, na bado sehemu kubwa ni sugu kwa siprofloksasini, yaani antibiotiki hiyo haiwaui. Msimamizi wako anashikilia kwamba kuna kosa mahali, kwani usugu ukisambaa lazima uone ukoo mmoja umetawala. Mimi sidhani kama umekosea. Nimemwotesha mdudu huyu kwa miaka kadhaa katika maabara ya vyakula, na hicho ulichokipata ndicho ambacho ningekitegemea.

Tuanze na dawa yenyewe. Siprofloksasini na ndugu zake hushambulia vimeng'enya viwili vinavyosokota na kufungua DNA ya bakteria. Salmonela na E. koli wanavyo vyote viwili, kwa hiyo badiliko moja la jeni kwa kawaida huwapa usugu mdogo tu. Wakitaka kufika juu wanahitaji mabadiliko kadhaa yanayofuatana. Kampilobakta hana hicho cha pili. Jeni ya parC, inayohusika na kutengeneza hicho cha pili, haimo kabisa kwenye jenomu yake (DNA yake yote), anategemea kimeng'enya kimoja tu kinachotengenezwa na jeni za gyr. Herufi moja ya gyrA ikibadilika, C ikawa T katika nafasi ya 257, asidi amino ya 86 inageuka kutoka threonini kuwa isoleusini na dawa haishiki tena. Ana pia pampu ya CmeABC inayotupa dawa nje ya seli, na vitu hivyo viwili vikishirikiana usugu unapanda juu kwa hatua moja. Jenomu ya kwanza ya Campylobacter jejuni, iliyochapishwa mwaka 2000, ilikuwa na herufi 1,641,481. Kati ya hizo zote, inatosha moja.

Sasa chukua kundi la kuku lenye koo tatu au nne za Kampilobakta matumboni. Gramu moja ya uchafu wa utumbo wa kuku aliyeambukizwa inaweza kuwa na mamilioni ya seli. Katika umati wa namna hiyo, seli chache tayari zina badiliko hilo kwa bahati tu, kabla dawa haijaguswa, na zimo ndani ya kila ukoo. Weka enrofloksasini, ndugu ya siprofloksasini inayopewa mifugo, kwenye maji ya kunywa: wanaosikia dawa wanakufa, wale wachache wanajaza nafasi ndani ya siku chache. Hakuna ukoo uliosafiri kutoka mahali fulani. Kila ukoo umezaa sugu wake papo hapo.

Ndiyo maana mambo yalikwenda kasi sana Uholanzi. Kati ya mwaka 1982 na 1989 usugu wa Kampilobakta dhidi ya kwinoloni (familia ya dawa yenye siprofloksasini na enrofloksasini) ulipanda kutoka 0% hadi 14% kwenye bidhaa za kuku, na kutoka 0% hadi 11% kwa binadamu, kipindi ambacho dawa hizi zilianza kutumika kwa mifugo na kwa watu. Marekani ilifuta ruhusa ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005. Kwa masikitiko, usugu haukuondoka pamoja na dawa. Mwaka huo huo lilichapishwa jaribio ambalo huwa nalirudia kwa kila mwanafunzi anayepita kwangu: kuku walipewa vimelea sugu na vinavyosikia dawa kwa pamoja, bila dawa yoyote, na baadhi ya vile sugu vikawashinda wenzao. Lakini badiliko lile lile lilipohamishiwa kwenye mdudu wa ukoo mwingine, lilimdhoofisha. Hapo ndipo utofauti wa vinasaba na usugu vinapokutana. Ukitenganisha sura ya koo na sura ya usugu katika andiko lako, jambo hili litakupita.

Tena usidhani kila usugu una tabia hii. Dhidi ya eritromaisini, antibiotiki ya familia nyingine, badiliko huwa kwenye jeni ya 23S (ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli), mara nyingi nafasi ya 2075, na Kampilobakta ana nakala tatu za jeni hiyo. Usugu wa namna hiyo huja polepole, humgharimu mdudu, na huonekana zaidi kwa C. coli kuliko C. jejuni. Usugu wa tetrasaiklini ni hadithi nyingine kabisa: jeni ya tet(O), ambayo mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilicho kando ya jenomu kuu, na huhama kutoka seli hadi seli. Kwa hiyo dawa tatu kwenye jedwali moja zinakupa historia tatu tofauti, na ukiziunganisha kuwa asilimia moja ya «usugu» unapoteza habari yote.

Niseme na kosa nililolifanya mimi, maana naogopa unaweza ukalirudia. Ukiangalia koloni za Kampilobakta kwenye pleti ya mkaa baada ya saa 48, unaona vitu bapa, vya kijivu, vyenye unyevunyevu, vimetambaa kufuata mkwaruzo wa kitanzi kama maji yaliyomwagika kwenye sakafu yenye mtelemko. Koloni mbili za koo tofauti hukutana na kuungana, huoni mpaka. Nilichota hapo mara moja, sikusafisha, nikaenda moja kwa moja kwenye diski za dawa, vile vikaratasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya pleti ili kuona kama bakteria watakufa kuvizunguka. Diski ya siprofloksasini ikatoa duara kubwa safi, lisiloota kitu. Ndani ya duara kulikuwa na vidoa vinne vitano vidogo, vya kijivu. Nikavihesabu kuwa uchafu wa hewani, nikaandika «anasikia dawa».

Kilinisumbua kitu kimoja tu: uchafu wa hewani haustawi katika nyuzi 42 kwenye hewa yenye oksijeni 5%, tena wote wawe na rangi moja. Siku mbili baadaye nikarudi kwenye pleti, nikachota kidoa kimoja nikakitazama kwenye hadubini. Kilikuwa kinazunguka kama parafujo. Nikakiotesha peke yake na diski haikutoa duara lolote. Tulipopima jeni, mdudu wa ndani ya duara na yule wa nje hawakuwa ukoo mmoja. Sampuli moja, koo mbili, majibu mawili yanayopingana, na mimi nilikuwa nimeripoti moja. Tangu siku hiyo nachukua koloni tano kwa kila sampuli na kila moja naisafisha mara mbili. Ni kazi, nakubali. Mdudu huyu akikaa mezani muda mrefu anabadilika kuwa mviringo na kukataa kuota, kwa hiyo lazima ufanye haraka na pleti chache kwa wakati mmoja. Lakini bila hivyo unapunguza utofauti na usugu kwa pamoja, na hutajua kwa kiasi gani.

Sasa hoja ya msimamizi wako. Koo unazozitaja zimepatikana kwa njia ya jeni saba: aspA, glnA, gltA, glyA, pgm, tkt na uncA. Zimechaguliwa makusudi kwa sababu ni jeni za kazi za kila siku za seli, na gyrA haimo. Kwa hiyo namba ya ST, ile inayotokana na jeni hizo saba, inakueleza ukoo wa mdudu, haikuelezi alikutana na dawa gani mwaka jana. Hata hivyo msimamizi ana nusu ya ukweli, kwani zipo koo zinazotembea na usugu wao. Ulaya, ST-464 imejulikana kwa usugu wa siprofloksasini, wakati kundi la ST-45 kwa kawaida usugu wake ni mdogo. Juu ya hapo, Kampilobakta hufyonza DNA kutoka kwenye mazingira na kuiingiza kwenye jenomu yake, kwa hiyo gyrA sugu inaweza kuhama kutoka ukoo mmoja hadi mwingine bila badiliko jipya kuzaliwa.

Njia ya kuamua ipo, na kama una mfuatano wa gyrA tayari umeshaishika mkononi. Usiangalie nafasi ya 257 peke yake. Angalia zile herufi za jirani zinazotofautiana baina ya koo bila kubadilisha protini. Chukua mdudu sugu wa ukoo fulani umlinganishe na ndugu yake wa ukoo huo huo anayesikia dawa. Wakifanana kila herufi isipokuwa ile ya 257, usugu huo umezaliwa ndani ya ukoo. Ukikuta sugu wa koo mbili tofauti wana gyrA inayofanana mpaka kwenye herufi zile za kimya, na haifanani na ya ndugu zao, jeni imehama. Fanya hivyo ukoo kwa ukoo. Nina hakika utakuta yote mawili kwenye friza moja, na hilo jedwali ndilo la kumpelekea msimamizi.

Pia kagua daftari lako uone ni sampuli ngapi zilitoka kwenye kundi moja la kuku siku moja. Hizo zihesabu kama kundi moja kabla hujakokotoa kipimo chochote cha utofauti. Na kama bado una pleti za diski hujazitupa, zitazame tena ndani ya duara, kwenye mwanga mzuri, pleti ukiwa umeiinamisha kidogo.