Maswali ya upinde: kabla hujawasha mkaa

Shikamoo fundi. Upinde wangu wa mkole umepinda mkono wa juu. Nifanyeje? (Newala)

Marahaba. Kila wiki naletewa "umepinda". Kupinda si kujisokota, yaani kuzunguka kama kamba, jamani! Laza vijiti viwili vilivyonyooka kukingama juu ya upinde, kimoja mshikoni, kingine karibu na ncha, uchungulie kwa jicho moja. Visipolingana, mkono umejisokota.

Chonga kwanza hadi ukaribie umbo lake, maana mti mnene haupati moto hadi ndani. Uwe mkavu pia. Tumbo la upinde, yaani upande unaokutazama ukivuta, lipake mafuta ya nazi, ulipitishe juu ya makaa yasiyo na ndimi, umbali wa shubiri, bila kutulia mahali pamoja. Kidole kikishindwa kukaa, umeiva. Bana mshiko kwenye jiriwa, funga kijiti cha kukingama karibu na ncha kiwe kama usukani, sokota kinyume na upitilize kidogo, kwani utarudi tu. Uache umefungwa hivyo hadi upoe kabisa. Halafu usiuvute siku hiyo. Moto umeunyang'anya unyevu, uweke kivulini siku kadhaa, la sivyo utasikia "paa!" na hutaniletea swali jingine.

Nimeumwagia maji ya moto mara tatu, haunyooki. (Masasi)

Na hautanyooka. Unataka mvuke, tena mti wa unene wa milimita 25 huhitaji kama saa nzima.

Wangu umejisokota kidogo, lakini ugwe, kamba ya upinde, unapita katikati ya mshiko. (Mikindani)

Sasa unatafuta nini? Uache.

Mbona kila mti ninaokata hujisokota? (Nachingwea)

Kwa sababu unakata kabla ya kutazama. Gome likizunguka shina kama kamba, na nyuzi za ndani zinazunguka. Hapo moto ni kujidanganya. Chagua shina ambalo mistari ya gome imesimama wima, ulipasue kwa kabari ili lenyewe likuonyeshe nyuzi zinakoelekea. Msumeno huficha ubaya. Miisho ipake rangi siku hiyo hiyo, uhifadhi kivulini, si juu ya bati. Halafu wengine mnaingia msitu wa hifadhi na panga bila kibali, mkishikwa mnasema fundi ndiye aliyewatuma. Sikumtuma mtu.

Mpingo unafaa? (Lindi)

Waachie wachonga vinyago. Ni mzito hata majini unazama. Ncha nzito hula mwendo wa mshale.

Nikishaunyoosha, utaangusha nguruwe pori? (Liwale)

Leseni unayo? Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kwa mshale. Nanyi mmepakana na Selous. Askari wa kule hawachungulii kama upinde umenyooka.